Fundi Aliyetaka Asitajwe

Jina lake nalijua. Mtaani kwetu Kiponda wote wanajua kuwa miye majina hayanipotei. Nitakutajia waliokaa ghorofa ya juu ya nyumba yetu, na waliowafuatia, na watoto wao kama walivyozaliwa. Lakini huyu nitamwita Fundi tu, kama nilivyomwita miaka yote, kwa sababu mwenyewe alikuwa na maneno yake. Alikuwa akisema, "Bi Kidawa, fundi wa umeme akianza kutajwa jina mtaani, ujue kuna nyumba imeungua. Ukinipenda, usinitaje." Basi simtaji.

Kalamu nimeishika kwa ajili ya nyumba ya Chukwani. Mwanangu wa mwisho, Mbarouk, amejenga huko, akanitengea chumba cha chini chenye choo chake, maana ngazi za Kiponda na magoti yangu hawasikilizani tena. Chooni akanitilia hita, nisioge maji ya baridi. Nilitaka kwenda. Nilitaka sana, nilale nikisikia wajukuu wakigombana, si kila siku njiwa wa darini. Siku aliyonichukua kwenda kuiona, nikapita jikoni, nikaliona sanduku la umeme nyuma ya mlango. Kifuniko chake bado kilikuwa chini, kimeegemezwa ukutani, na nyaya zimerundikana mle ndani kama tambi zilizoshikana sufuriani.

Nikasema, "Sihamii mpaka Fundi alione hili."

Mbarouk akacheka. "Fundi yupi, Mama? Yule asiyeona?"

"Anaona kidogo."

"Mama, taa zinawaka. Feni zinazunguka. Maji ya moto hayo yanatoka. Unataka nini tena?"

"Nataka Fundi alione."

Akajua nshasema. Hata hivyo usoni niliona limemchoma. Mtu amekujengea chumba kwa mapenzi yake, unakuja kumwambia hulali humo kwa sababu ya nyaya. Lakini hofu yangu haikuwa ya bure, na aliyenifundisha kuogopa mahali pa kuogopwa, na kutoogopa pasipo na kitu, ni huyo huyo Fundi.

Sasa mtu atauliza: bibi mzee, kusoma kwake ni chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli, sanduku la umeme kalijulia wapi? Nimelijulia kwa kukaa.

Mji Mkongwe una adabu yake. Mwanamme mgeni haingii ndani wakati mwenye nyumba hayupo. Na waume wa Kiponda mchana hawapo, huyu yuko dukani Darajani, huyu bandarini, huyu kenda Pemba. Umeme nao una tabia ya kuharibika wakati huo huo, na friji limejaa samaki. Mafundi wengine walikuwa wakiingia tu kwa ruhusa ya mume ya kwenye simu, mke akajifungia chumbani mpaka wamalize. Fundi hakuliweza hilo. Mara ya kwanza kumjua ilikuwa kwa Bi Zuhura binti Mselem, jirani yangu wa mlango wa pili. Alipiga hodi, Bi Zuhura akamjibu kwa ndani kuwa mwenyewe kasafiri.

"Basi nitafutieni mtu mzima aje akae," akasema, akakaa zake barazani, kikapu miguuni.

"Mume wangu kasema uingie tu."

"Yeye kasema. Na majirani je, nao wamesema?"

Ndipo nikaja kuitwa miye. Mjane, mtu mzima, na ulimi wangu unaogopewa. Nikachukua ukili wangu niliokuwa nikisuka, nikenda nikakaa kwenye kigoda pembeni ya sanduku. Nikamtazama akifanya kazi, naye hakunitazama hata mara moja, mpaka alipomaliza akasema, "Ahsante, Bi. Umeniwekea heshima yangu." Miye nilidhani nimekwenda kuweka heshima ya Bi Zuhura. Sikuwa nimefikiri kuwa na yeye anayo ya kuwekwa.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Akiitwa nyumba yoyote, ujumbe unatangulia kwangu: Bi Kidawa, Fundi kafika, njoo ukae. Nimekaa Malindi, nimekaa Mkunazini, nimekwenda kukaa mpaka Jang'ombe kwa mdogo wake Bi Zuhura. Mikeka mingi ya Kiponda imesukwa pembeni ya masanduku ya umeme. Na mtu anayesuka ukili, jicho lake halipiti penye kombo likanyamaza. Ukikosea mwanzo, kosa linakwenda nawe mpaka mwisho wa pindi. Kwa hiyo, kazi yake niliifahamu kwa macho kabla sijaijua kwa maneno.

Kwanza alizima. Kisha, juu ya kuwa kazima mwenyewe kwa mkono wake, alichomeka testa, kile kibisibisi chenye kitaa kinachowaka umeme ukiwapo. Siku za mwanzo nikamuuliza, "Si umezima wewe?"

"Nimezima. Lakini miye n'na mke na watoto wa kunipoteza mawazo. Testa haina."

Kisha nyaya. Kila waya aliuingiza kwa tundu lake juu ya sanduku, na kila tundu alilivisha pete ya mpira ili ukingo wa bati usije ukauchuna waya ngozi. Ndani waya ulishuka wima ubavuni mwa sanduku, ukifika usawa wa breka yake, ile swichi ya kuukatia umeme, ukakata kona, taratibu, kama mtu anayekata kichochoro anachokijua, haukukunjwa kwa nguvu. Za buluu zilikwenda kwa wenzao, za kijani na manjano kwa wenzao, na zote kwa zamu ile ile ya breka, ya mwanzo mwanzo na ya mwisho mwisho. Skurubu moja, waya mmoja. Akishakaza, alikuwa akiuvuta kila mmoja kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu jino la mtoto kama limelegea.

Huu wa kijani na manjano ndio waya wa ardhi, na yeye ndiye aliyenieleza kazi yake. "Umeme ukipotea njia," alisema, "ukaingia mahali si pake, kwenye bati la friji au maji ya hita, unatafuta pa kushukia ardhini. Waya huu unauambia, pita huku. Ukiwa haupo, unapita kwa mtu." Alilisema hilo kama anavyosema mtu wa kahawa kuwa kahawa imekwisha, bila kukunja uso. Lakini waya huo ndio aliokuwa akiuvuta mara mbili.

Na kila waya aliuachia akiba. Shubiri nzima, ameipinda vizuri ndani ya sanduku. Mume wa Bi Zuhura aliporudi akaona, akasema anapoteza waya. Fundi akamjibu, "Waya si mpira, Bwana. Siku ukija kupungua hapa, mtu atafanya hila, na hila ya umeme haina sauti."

Kule Jang'ombe, nyumba ya matofali mapya, waya ulikuwa unafukiwa ndani ya ukuta. Nikamwona anachonga njia kutoka kwenye swichi kwenda juu moja kwa moja, kisha mlalo mpaka kwenye sanduku. Nikamwambia si angekata mshazari, akapumzika.

"Bi Kidawa, miye nshakufa zamani, atakuja mtu na msumari wa kutundikia saa. Atatazama swichi iko wapi, atajua waya umepanda juu yake, atapigilia pembeni. Nikikata mshazari, nani atamwambia?"

Nikaendelea na ukili wangu. Kazi nyingi nimeona zikifanywa ili mtu asifiwe leo. Huyu alikuwa akimfanyia mtu wa msumari asiyemjua.

Msidhani alikuwa malaika. Ulimi alikuwa nao. Harusi ya Sabra, binti yake Bi Zuhura, Fundi aliitwa atie taa za uani. Akaingia ukumbini, akakuta sanduku tumelishonea pazia la lasi, kwa sababu lilikuwa baya machoni na wageni wanakuja. Chini ya pazia, kwa kuwa pale pembeni ndipo penye nafasi, tumeweka tega tukifukizia nguo za bi harusi, na chetezo ndani yake kinatoa moshi wa udi.

Akasimama. Akatazama pazia, akatazama chetezo, akatazama nguo.

"Sanduku mmelivisha buibui," akasema. "Limeposwa?"

Wanawake wakacheka mpaka Bi Zuhura akakaa chini. Yeye hakucheka. Akakibeba chetezo kwa mkono wake mpaka uani, akarudi akalivua pazia, akalikunja vizuri kama analikunja kwa ajili ya mamake, akampa Bi Zuhura mkononi.

"Kosa si lenu," akasema. "Aliyelifunga mwanzo kalifunga ovyo, mkaona haya. Niachieni mpaka adhuhuri. Nikilipanga sawa, hamtalifunika."

Na kweli. Adhuhuri sanduku lilikuwa limenyooka mpaka Bi Zuhura akawa anawaita wageni kuja kuliona, na wanawake waliovaa dhahabu wanainama nyuma ya mlango kutazama nyaya. Chetezo hakikurudi pale tena, wala hatukuambiwa kwa ukali. Kiponda nzima tulikuwa na mtindo huo, kila kibaya tunakitilia pazia. Lile ndilo la kwanza kuvuliwa.

Juu ya breka aliandika, lakini si maandishi. Alichora. Taa, feni, samaki kwa friji, bomba kwa pampu. Nilimuuliza kwa nini, akasema nyumba za mchana ni za wanawake na wazee, na wengine herufi haziwaingii; umeme ukileta kitisho, mtu hana wakati wa kutafuta anayejua kusoma. Michoro yenyewe ilikuwa mibaya. Samaki wake alikuwa kama kandambili. Nilimwambia hivyo, akasema, "Umemjua au hukumjua?" Nikasema nimemjua. "Basi huyo ni samaki."

Kuna siku aliondoka kazi katikati. Bwana Othman wa Malindi, mwenyewe yupo nyumbani siku hiyo, kwa hiyo miye nilikuwa nimekuja kumtazama mkewe tu, alitaka kiyoyozi kipya kiunganishwe kwenye waya wa taa, wasokote na wafunge tepu, yaishe. Fundi akamwambia waya ule ni mwembamba. Bwana Othman akasema yeye ndiye mwenye nyumba. Fundi akasema, "Naam, na ndiyo maana miye n'na pa kwenda." Akatia koleo lake na bisibisi kikapuni, kikapu cha ukindu kama cha mtu anayekwenda sokoni, akashuka ngazi. Wakaleta mwengine. Nyumba hiyo mpaka leo haikuungua, na sitaki mtu aniambie ingeungua. Lakini kila tukipita kichochoro kile Fundi alikuwa akisimama, akinusa hewa, akisema, "Bado," na miye sikuwahi kujua kama alikuwa anashukuru au ana hasira.

Na kwake sasa. Nilikwenda Mpendae kwenye hitma ya mamake, nikakuta swichi ya ukumbini inaning'inia nje ya ukuta. Mkewe, Bi Asya, akanishika mkono akanionesha mbele ya watu.

"Bi Kidawa, itazame. Inaning'inia tangu mwanangu anaota meno. Sasa anaota ndevu."

"Haina umeme hiyo," Fundi akasema kutoka pembeni. "Nshaizima chini."

"Najua haina umeme. Ndiyo maana tunakaa na taa ya betri, nyumba ya fundi."

Shati lake pia lilikuwa limefungwa vifungo kwa kupishana, upande mmoja umepanda, upande mmoja umeshuka. Mtu ambaye waya ukienda kombo unywele mmoja anaukata, kifuani mwake kombo halioni. Na radi ikipiga, huyu huyu alikuwa akijifunika shuka kichwani; Bi Asya ndiye aliyetwambia, na yeye hakukanusha. Alisema, "Wa sandukuni n'namjua alikotoka. Wa mbinguni sikumfunga miye."

Nyumba yetu ya Kiponda ndiyo aliyoifanyia kazi zaidi. Sisi ni familia nyingi, ngazi moja, na juu yetu boriti kavu zilizokuwapo kabla ya babu zetu. Zamani sote tulikuwa tunavuta umeme kwenye waya mmoja, nao ulikuwa ukipata moto mpaka paka anakwenda kulala pale. Fundi akaja akaugawa, kila ghorofa breka zake, mapaipu yamepandishwa pembeni ya ngazi yamenyooka kama safu za swala, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa ukiuchimba unamwagika. Paka akatafuta pengine pa kulala. Tumekaa humo, tumeozesha, tumezika, tumepika mapilau, na hakuna lililotokea. Na hili ndilo lililokuwa likinisumbua, kuwa sikuwahi kumshukuru kama inavyopasa. Utamshukuruje mtu kwa jambo ambalo halikutokea? Unabisha hodi kwake unamwambia, leo tena hatukuungua, ahsante?

Macho yake yalianza kuondoka pole pole. Si mtoto wa jicho kama wangu, ambaye nilitolewa na sasa natunga uzi. Yake daktari alisema ni mshipa wa ndani, ukishanyauka haurudi. Akaacha kazi kabla hajaambiwa na mtu aache. Mtaani wakawa wanaita wengine, na miye ukili wangu nikausukia nyumbani.

Basi baada ya kuliona sanduku la Chukwani, nikenda Mpendae. Nilimkuta barazani, mkononi ana kipande cha waya mkuukuu, anakinyoosha kwa vidole, anakipinda, anakinyoosha tena.

"Shikamoo, Bi Kidawa," akasema kabla sijasema neno. Kanijua kwa mwendo.

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua. Mbarouk kajenga Chukwani, na sanduku lake silipendi."

Akatikisa kichwa. "Rangi zimenikimbia. Buluu na kijani kwangu sasa ni mtu na nduguye. Fundi asiyejua rangi akitia mkono sandukuni, huyo anatafuta kutajwa jina."

"Mkono usitie. Miaka yote nimekaa miye, ukafanya wewe. Safari hii kaa wewe."

"Nani afanye?"

"Aliyefanya mwanzo. Anaitwa Haji bin Vuai."

"Na nani atazame?"

"Miye n'natazama. Wewe uliza."

Akauzungusha waya vidoleni. Bi Asya akatoa kichwa mlangoni. "Mchukue, Bi Kidawa. Na akirudi na nguvu, apitie swichi yangu."

Mbarouk alikuja kutuchukua kwa gari. Njiani hakusema mengi. Alikuwa na heshima ya kutosha kunyamaza, lakini vidole vyake vilikuwa vinapiga usukani. Haji alikuwa anatungoja jikoni, mtu mzima wa makamo, ndevu zimeanza mvi, na mdomo kaufunga kama mtu aliyeambiwa kuwa kipofu anakuja kusahihisha kazi yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi. Umezima?"

Haji alishtuka kidogo kuitwa fundi. "Nshazima."

"Testa?"

Akachomeka testa, kwa kumridhisha tu. Fundi akaletewa kiti, akakaa ubavu kwa sanduku, mikono magotini. Miye nikasimama mbele.

"Anza juu, Bi Kidawa."

"Juu kuna tundu moja tu. Nyaya zote zimepenya humo kwa pamoja. Mpira hakuna."

"Enhe."

"Zikishuka zimepandana. Wa juu unapita chini, wa chini unarudi juu. Kama watoto waliolazwa kitanda kimoja."

Haji akasema, "Lakini zinafanya kazi, Mzee."

"Zinafanya, sikatai. Bi Kidawa, breka ngapi?"

"Sita."

"Za kijani na manjano je?"

Nikazifuata moja moja kwa jicho, kama ninavyofuata miali ya ukili. Nikarudia, kwa sababu sikupenda nilichokiona. "Tano."

Haji akajikuna shingo.

"Tazama nyuma ya fungu," Fundi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Haji mwenyewe ndiye aliyetia koleo akalisogeza fungu. Na nyuma yake, umekunjwa na ncha imefungwa tepu nyeusi, ulikuwapo waya wa sita, mfupi, haukufika popote.

"Wa breka ipi?"

Haji alitazama sakafu. "Wa hita."

"Hita ipi?"

"Ya choo cha chini," akasema. "Cha Mama."

Mbarouk alikuwa kasimama mlangoni akichezea funguo za gari. Funguo zikanyamaza. Hakunitazama, akatazama mlango wa choo changu.

Nilimngojea Fundi aanze. Nilimjua ulimi wake. Nilikumbuka pazia, nilimkumbuka Bwana Othman. Yeye akauliza tu, "Ulipungua?"

"Ulipungua, Mzee. Kama shubiri. Dukani washafunga, na Bwana Mbarouk alitaka taa siku ile ile. Nilisema ntarudi."

"Nami uliwahi kunipungua," Fundi akasema. "Nikaufunga tepu, nikauficha nyuma, nikasema ntarudi."

Miye sikuwahi kulisikia hilo. Miaka yote ile, nyumba zote zile, na akiba yake ya shubiri ambayo waume walikuwa wakiilalamikia.

"Kwa nani?" nikamuuliza.

"Bi Kidawa, jina hilo sikutajii."

"Akapona?"

"Kapona. Aliingia chooni na mitawanda yake ya mti miguuni. Kule kupigwa kulimtupa mlangoni, lakini alikuwa juu ya ubao. Siku ile mitawanda ilifanya kazi yangu." Akamgeukia Haji, au akaigeukia sauti yake. "Wewe hukungojea mitawanda. Umeitwa, umekuja, umeufungua mwenyewe. Haya, tuutoe wote tuanze upya. Una waya wa kutosha leo?"

"Upo, Mzee."

"Basi acha akiba."

Wakaanza. Haji akavuta waya mpya kutoka kwenye hita, akatoboa matundu juu ya sanduku na kuyavisha mipira, na kila waya kabla haujaingia ulipita kwanza mikononi mwa Fundi, akaunyoosha kwa vidole, akaupinda kona yake juu ya goti. Miye nikitaja rangi, yeye akitaja zamu, Haji akifunga. Kufika alasiri mdomo wa Haji ulikuwa umeshafunguka; anauliza, anatania, anasema mkewe hataamini kuwa leo kafundishwa kazi na bibi wa ukili. Mbarouk alikuwa kakaa chini sakafuni na suruali yake nzuri, anatupitishia skurubu. Mwisho Fundi akainuka, akaomba aongozwe mkono mpaka kwenye waya wa kijani wa hita, na hapo tu ndipo alipotia vidole vyake viwili sandukuni, testa imeshatoa ushahidi. Akauvuta. Akauvuta mara ya pili.

Haji akachukua kalamu aandike juu ya breka.

"Unaandika nini?" Fundi akauliza.

"Hita, Mzee."

"Mpe Bi Kidawa achore."

Nikachora ndoo yenye moshi juu. Mbarouk akainama, akasema inafanana na chungu cha pilau. Fundi akauliza kama tumeijua au hatukuijua, na Mbarouk akasema tumeijua.

Nilipomsindikiza garini nilitaka kuyasema yote, ya Kiponda, ya boriti, ya paka. Nikasema ahsante. Akajibu, "Umeniwekea heshima yangu, Bi Kidawa," kama siku ile ya kwanza, akajipapasa kifua kutafuta kifungo cha mwisho, na kifungo kilikuwa mahali si pake.

Juma lililofuata nilihama. Jioni ya kwanza nikaingia kuoga. Mitawanda yangu ya Kiponda nilikuwa nimekuja nayo, nikaiacha mlangoni, nikaingia miguu mitupu. Maji yalikuwa ya moto, nikakaa chini yake zaidi ya inavyofaa mtu mzima. Nilipotoka, nimejifunga kanga, walikuwa wote barazani, Mbarouk na mkewe na wajukuu na jirani mmoja, wanakunywa kahawa. Walizungumza bei ya samaki, wakazungumza mvua, wakamzungumza Nasra, mjukuu wangu, anayekataa kwenda skuli. Nikakaa nikawasikiliza mpaka kahawa ikaisha. Hakuna aliyemtaja Fundi.